Walinda Mlango

Zikiwa zimebaki kilomita tisini kufika nyumbani
Eydis alizima redio ya gari, akasema:
"Baba, Jumamosi ijayo usikae jukwaani."
Nje theluji ilikuwa ikipita mlalo
kama yenye miadi na mtu mwingine.
Nikauliza, basi nikae wapi?
"Popote. Ila nisikusikie."

Nilitaka kujitetea. Hoja nilikuwa nazo:
miaka tisa ya kuwasha gari gizani,
magoti haya mawili, moja langu, moja la daktari,
na karatasi za msalani nilizouza nyumba kwa nyumba,
mabunda mia na arobaini,
ili wasichana wapate nauli ya kwenda Denmaki.
Stoo ya shemeji yangu haijaisha hadi leo.
Ukoo mzima unajifutia upendo wangu.

Lakini nikaikumbuka dakika ya arobaini,
mpira ulipompita katikati ya miguu
nami nikasimama, nikapaza:
"Mikono, Eydis! Umepewa mikono ya nini?"
Ukumbi ukanyamaza.
Refa alinitazama
kama anavyotazamwa mbwa asiyefungwa.
Yeye hakugeuka.
Alifunga upya utepe wa nywele
ambao haukuwa umefunguka.

Jumamosi nikaomba zamu ya chapati za maji,
koridoni, mkabala na vyoo,
mimi na Ragnheid, mama yake Salbjorg,
apinduaye chapati bila kuziangalia.
Sukari juu, kunja, krona mia tatu.
Filimbi ikalia. Mlango ukafungwa.

Sikujua kwamba mechi ina sauti nyingi hivi.
Viatu hulia sakafuni, vya kila mtu na kilio chake.
Mpira ukigonga mwamba, mwamba hujibu.
Ukiingia wavuni hausemi kitu,
watu ndio husema.
Na ipo sauti ya tatu, sijawahi kuisikia,
maana miaka yote tisa niliifunika kwa yangu:
pa.
Ngozi ya kiganja.
Kisha sauti nyembamba, kavu, yenye amri:
"Kushoto! Pandeni! Tulieni, huyo ninaye mimi!"
Nikamuuliza Ragnheid, nani huyo anayefoka?
Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Huyo? Ni wako."

Chapati ikaungua.
Nikaila mwenyewe, nimesimama.

Pa. Nilihesabu pa kumi na moja.
Mara moja ukaja ukimya mrefu,
mrefu kupita kiasi, na kwa mbali
mtu akisema "pole, pole, simama,"
na mkono wangu ukawa tayari umeshika kitasa.
Ragnheid akakohoa.
Nikakiachia.
Siku hiyo tulikuwa walinda mlango wawili,
na kazi ngumu, nakuambieni, haikuwa ya ndani.

Walishindwa, nadhani. Au walishinda.
Watu walitoka na nyuso za watu wenye njaa,
na mwenye njaa hana timu.
Eydis alikuja wa mwisho, nywele zimelowa,
kiganja cha kulia chekundu, kimevimba
chini ya kidole gumba.
Sikuuliza. Meno yangu ni mashahidi.
"Mbili," akasema. "Sukari usiibanie."
Akala, akalamba vidole, akatoa sarafu.
Nikamwambia wewe hulipi.
"Hela ya timu," akasema,
akazidondosha koponi moja moja,
nazo zikalia kama mwamba.

Garini nilikuwa sijafunga mkanda
alipoanza, mwenyewe, tangu dakika ya kwanza:
"Yule namba saba, Baba,
anatazama kushoto, anarusha kulia.
Mara mbili kanidanganya. Ya tatu nikamngoja..."

Kwenye njia panda kibao kilionyesha nyumbani,
dakika nne.
Nikakata kona, nikashika barabara ya kuzunguka ghuba.