Ubibazi

Nguo nyeupe, unageuza picha.
Nguo nyeusi, hugeuzi.
Nilimwambia Chalula mara tatu,
ya tatu nikiwa nimemshika sikio,
kisha nikaenda Sabasaba kufuata fulana za pamba,
zile nzito, zisizokunja uso mbele ya moto.

Kwa nyeupe, karatasi hulala kifudifudi,
inaazima weupe wa nguo.
Kwa nyeusi, pamba haikopeshi kitu.
Karatasi inakuja na weupe wake yenyewe;
unaibandua kwanza, unailaza chali,
uso juu, kama mtoto anayehesabu mabati,
unaifunika kwa karatasi ya kuokea keki
na ndipo pasi ishuke, kavu, bila tone la mvuke.
Sekunde thelathini. Usisugue. Kandamiza,
kama unavyokandamiza hasira msibani.

Yote haya Chalula aliyafanya.
Aliipasha kila fulana kwanza, ikatema unyevu.
Alipangusa vumbi, na vumbi la Dodoma mwezi wa Agosti
halipigi hodi, linaingia na viatu vyake.
Alikata herufi moja moja kwa mkasi wa kushonea
usibaki hata uzi wa ukingo mweupe.
Kazi safi. Kazi ya kumwonyesha mama yake.

Ila aligeuza.

Fulana kumi na nne za wachuma zabibu wa Mpunguzi,
ZABIBU KALI kifuani,
na zote kumi na nne zikasema
ILAK UBIBAZ.
A, I na U hazikudhurika,
hizo ni herufi zisizojali kioo.
Lakini Z ilikata kiuno upande usio wake,
na B zote mbili zilitembeza matumbo
kinyumenyume, kama zimesahau kitu nyumbani.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya ndoo.
Elfu nane mara kumi na nne,
hapo sijagusa karatasi, sijagusa LUKU
iliyobaki uniti mbili na inalia.
Na ukishachoma, umechoma:
gundi imeshazama kwenye uzi,
ukiivuta inatoka na ngozi.

Nahodha Msagati alikuja saa kumi,
vidole vyake bado vyeusi kwa zabibu.
Akatandaza fulana mezani.
Akainamisha kichwa kushoto. Kulia.
Chalula alikuwa nyuma ya pazia;
niliona vidole vya miguu yake vikisali.

"U-bi-ba-zi," akasoma, polepole,
kama anayeonja kabla ya kununua.
"Ubibazi ndiyo nini?"

Mimi nilikuwa natafuta uongo wa heshima.
Pazia likajibu:
"Ni zabibu ikijitazama."

Kimya. Cherehani ya jirani ikanyamaza pia.
Msagati akatoka na fulana hadi kwenye pikipiki yake,
akainyoosha mbele ya kioo cha pembeni,
kile chenye ufa,
na mle ndani, katikati ya ufa na vumbi,
ZABIBU KALI ikasimama wima.

Alicheka mpaka akashika tangi la mafuta.
Akalipa nusu. Sikubisha.

Jumapili walifungwa tatu bila.
Kipa, nasikia, alikuwa akijiinamia kujisoma
bao la pili lilipompita.
Lakini watoto pembeni ya uwanja
walipiga madebe tangu mwanzo hadi mwisho,
Ubibazi! Ubibazi!
na bibi mmoja akauliza ni ugonjwa gani huo,
na una dawa.

Leo amekuja kijana kutoka Nkuhungu,
fulana nyeusi mkononi, mpya, ina harufu ya mtumba uliooshwa.
Anataka jina lake, Mwaluko,
"lakini liwe kama la wale."

Chalula ameshika karatasi. Hasogei.
Sikio lake limeanza kuwa jekundu kabla sijanyoosha mkono.

Nyeusi, hugeuzi, namwambia.
Umenisikia?

Pasi imeshika moto. Upepo unasukuma mlango.

Haya, geuza.
Ila huyu analipa bei kamili.