Inua

"Taa za Pasto zile," alisema Yolima Chingal,
nami nikaziona, au nikataka kuziona,
ndipo sauti isiyo na koo ikanena:
Ardhi. Ardhi. Inua.

Kuuliza si ujinga, ila si hapa.
Akasukuma nguvu zote, akainua pua,
kahawa ikanimwagikia mapajani
nikihesabu futi
kama anayehesabu deni la marehemu.

Nyuma mtu akalalamika: tumechelewa tena.

Wingu likachanika. Mgongo wa Andes
ukapita chini ya bawa, umelowa, karibu mno,
na dirisha moja lenye taa,
na kivuli cha mtu kando yake
kimeinua uso.

"Tunazunguka," Yolima akauambia mnara,
kwa sauti ya kuagiza mkate.