Kurasa Arobaini za Mwisho

Kosa ni langu, wala sikulikana.
Saa kumi alfajiri, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
jiko limezimika, makaa yamegoma kushika,
mkono ukapapasa gizani ukakuta karatasi.
Nikachana. Nikawasha. Nikanywa chai ya chumvi,
nikaenda Nalaikh kupakia lori.

Jioni Maralmaa kanisubiri mlangoni mwa hema,
kitabu kifuani kama kifaranga mgonjwa.
"Baba, umechoma mwisho."

Kitabu cha mtumba, cha soko la Narantuul.
Alikinunua kwa nauli ya wiki nzima,
akapasua theluji kwa miguu hadi shuleni, siku tano.
Akanisimulia huku navua viatu:
kuna mji ambao kila magharibi raia hupanga foleni
kurudisha maneno waliyoyatumia mchana.
Karani huyapima.
Aliyepungukiwa hata na neno moja hulala ndani.
Na kuna msichana aliyeficha neno chini ya ulimi,
na hapo, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
majivu.

"Neno gani?"
"Nikuulize wewe uliyelichoma."

Usingizi ulinipaa. Kulipokucha nikampa
daftari langu la mizigo:
upande huu tani, tarehe, sahihi ya mpima lori;
upande wa pili, mweupe pe.

Mwanzoni aliiga. Foleni ileile, karani yuleyule,
sentensi zimevaa koti la mtu mzima, mikono inaning'inia.
Kisha mji wa kitabuni ukaanza kunuka makaa.
Foleni ikapanda kilima chetu, ikapita kwenye ua za mbao,
watoto wamevaa barakoa zenye masikio ya sungura,
na yule karani, jamani,
akaota jino la dhahabu la Gansukh,
anayenipimia lori kila siku pale getini.

Ukurasa wa thelathini na tatu akaingia dereva.
Mtu mwema. Ana kikohozi.
Kila alfajiri huuletea mji ule kitu
kinachowanyima watu nyota,
kila usiku hunawa mikono mara mbili
na kuuliza watoto wamekula nini.

"Huyu ni mimi," nikasema.
Hakuinua kichwa.
"Huyu ni dereva, Baba. Sogea, unaniziba taa."

Siku hizi nawasha jiko kwa magome ya mti.
Karatasi siigusi, hata risiti.
Kila nikirudi nauliza:
"Yule binti, amelitema?"
"Bado."
"Basi nidokeze, ni neno gani?"
Anatafuna ncha ya kalamu, ananitazama
kama mtu anayepima.

Daftari limejaa, pande zote mbili.
Kesho nitaongeza safari moja ya makaa
nimnunulie jingine.
Najua atakayoyaandika humo
kuhusu safari hiyo.