Gego Jekundu

Babangu aliziba mizizi kwa dawa nyekundu.
Unga kidogo, matone mawili, kijiti cha kioo,
na harufu ile, nusu hospitali nusu maiti,
iliyoingia nyumbani imeng'ang'ania mikono ya koti
kabla yeye mwenyewe hajavua viatu.

Resosini na fomalini. Hapakuwa na kingine.
Kutaisi, mwaka sabini na tisa:
mashine ya kukanyaga kwa mguu,
foleni mpaka ngazi za chini,
ganzi ikiwekwa akiba kwa watoto na wakubwa wa chama.

Leo Zhuzhuna Kopaliani amekaa kwenye kiti changu,
amekumbatia mkoba kana kwamba nitauiba.
Gego la chini, kushoto,
lina rangi ya ganda la komamanga.
"Kazi ya baba yako hiyo," anasema. "Aliapa litanizika."
Miaka arobaini na tatu limevunja jozi,
limezika waume wawili,
na wiki iliyopita, usiku, likaamka.

Eksirei haina heshima kwa marehemu.
Dawa imeshuka nusu ya mzizi, ikakata tamaa.
Mfereji wa nyuma ni mtupu; hakuuona,
na angeuona kwa taa ipi?
Chini ya ncha, ndani ya mfupa, kivuli
mviringo, kadiri ya dengu.

Otia, kijana wangu wa zamu, ananong'ona: ling'olewe.
Najifanya sikusikia.

Natandaza kitambaa cha mpira, navuta hadubini,
nashika ncha ile inayotetemeka kama nyigu
na kukwangua. Saa nzima, tofali.
Vumbi jekundu, maji, vumbi jekundu.
Kisha, kwenye milimita ya kumi na nne, mkono unazama:
juu jiwe, chini tope.
Haikuwahi kuganda huko.
Ndivyo tulivyojengewa mengi, miaka ile.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema lolote juu ya mwenye kuziba ufa
na nyoka yumo ndani.

Nauosha mfereji kwa klorini mpaka povu litoke safi.
Nakausha kwa vijiti vya karatasi; cha tano ndicho kinatoka kikavu.
Halafu saruji ya kauri, laini kama mtindi,
isiyochukia unyevu,
na kijiti kimoja cha utomvu wa mti wa Malaya,
cha waridi, chenye kunyumbuka,
nusu milimita kabla ya ncha. Nusu.
Ukipitiliza, mfupa utakukumbuka.

Mikutanoni Tbilisi wanagombana:
utomvu uyeyushwe kwa moto ukashindiliwe,
au uachwe baridi, kijiti kimoja na saruji basi?
Nimesoma hesabu zao zote.
Kila upande una meno yaliyopona
na kila upande una kivuli kilichogoma kuondoka.
Wanafunzi nawaambia: jino huponywa na ulichokitoa
kabla ya ulichokiweka.
Nawaambia kwa sauti ya uhakika.
Halafu namkumbuka babangu, ambaye hakutoa kitu,
akaweka sumu, akafunga,
na mwanamke akala kwa miaka arobaini na tatu.

Zhuzhuna anaomba kioo. Weupe wa juu unamchukiza.
"Sasa ni la nani hili?" anauliza.
Namwandikia arudi baada ya miezi sita, tupige picha,
tuone kama dengu imekuwa mtama.
Anasema Oktoba ni zabibu. Labda baada ya zabibu.

Otia anafuta unga mwekundu kwenye trei,
anaukaribisha puani, anakunja uso.

Na mimi ninalo moja.
Gego la juu, kulia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja;
alinishika kidevu kwa mikono yake inayonuka
akaniambia nihesabu mpaka mia.
Halijawahi kuuma.
Sijalipiga picha.