Yadi Mbili

Delmar hupiga simu robo ikiisha.
Hasalimu. Huuliza, "Umeona?"
Nami hujibu, "Nimeona," kisha tunakata.
Miaka tisa sasa, tangu shamba la baba liuzwe
kwa sahihi yake bila yangu,
hayo ndiyo mazungumzo yetu:
mara nne kila Jumamosi, kuanzia Septemba
hadi theluji ifunike sanduku la barua.

Leo ni fainali.
Korongo wa Chuo cha Ostrander,
timu ya mji wenye taa tatu tu za barabarani,
wako Texas, uwanja una paa, watu wamevaa mikono mifupi.
Mimi niko Nebraska, ishirini chini ya sifuri,
ndani ya jezi ya marehemu mume wangu,
yenye doa la maharage la mwaka ule wa nusu fainali.
Sijalifua. Anayetaka kucheka acheke.

Robo ya kwanza: umeona, nimeona.
Robo ya pili tunaongoza kwa pointi kumi
na sauti yake ina kitu ndani, kama anamung'unya peremende.
"Umeona?"
"Nimeona, Delmar."
Jina lake! Ulimi uliteleza.
Akakohoa. Akakata.

Mapumziko nilipasha supu. Sikuinywa.

Robo ya tatu sitaisimulia.
Wale wa jezi nyekundu walitupasua katikati
kama kisu kwenye siagi iliyosahauliwa mezani.
Simu ililia, na hakuna aliyesema umeona.
Tulisikilizana tukipumua.

Halafu sekunde kumi na moja, nyuma kwa pointi nne,
na yadi mbili mbele yetu.
Mliozoea mpira wa duara, yadi mbili si kitu kwenu.
Ni kutoka kochi hili hadi runinga.
Nimepima, kwa soksi.

Tavian Roelfs, mwaka wa pili, mtoto wa fundi matrekta,
aliupokea mpira, akaukumbatia tumboni kama mkate wa moto,
akainamisha kichwa, akaingia kwenye ule ukuta wa mabega,
na mkono, mkono mmoja tu,
sijui wa nani, kutoka chini ya rundo,
ukaugusa.

Mpira unadunda, watu husema wakifarijiana.
Huu umeumbwa kama yai.
Haudundi; unachagua.
Ukachagua kulia. Ukachagua kifua chekundu.

Kesho watakuja na methali yao,
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Haya, mimi si mshindani.
Mimi ni Arlys, miaka sitini na minane,
nimesimama sebuleni naifokea runinga, "Mwacheni!"
maana kamera haikubanduka kwa yule kijana,
goti chini, helmeti kichwani,
akitazama viganja vyake
kama vitu alivyoazimwa.

Karatasi za rangi zikaanza kuanguka. Si rangi zetu.
Simu kimya.
Dakika nzima. Nyingine.
Nikaipiga mimi. Miaka tisa, sijawahi.

"Umeona," nikasema, na halikuwa swali.
"Yule mtoto," akasema Delmar.
"Ndiyo."
"Yule mtoto, Arlys. Atalalaje leo?"
Sikuwa na jibu. Nilisikia runinga yake
ikisema maneno yaleyale ya runinga yangu,
nusu sekunde nyuma.

Nikangoja akate.

"Umefungua bomba la jikoni?" akauliza.
"La kazi gani?"
"Usiku huu mabomba yatapasuka. Acha maji yatiririke.
Kidogo tu, tone kwa tone.
Baba alikuwa akifanya hivyo, hukumbuki?"

Nakumbuka. Nakumbuka na sinki lenyewe,
na nani analitumia sasa.
Nikaenda jikoni, simu sikioni,
supu imejitandika ngozi ya mafuta juu ya jiko.
Nikazungusha bomba.

"Fungua zaidi," akasema.
"Bado siyasikii."