Nakala Moja, Mabela

Jaladani wamesimama waigizaji wale wale wa runinga,
nahodha na taya lake, tabibu na masikio yake ya samawati,
na juu yao, kwa herufi za fedha zilizokwisha kubanduka,
tangazo kwamba hii ndiyo tamthilia uipendayo, sasa kitabuni.
Riyali moja na nusu, duka la vitabu vikuukuu, Ruwi.
Mwenye duka alinipa kwa moja, akasema hakirudishwi.

Nilikimaliza kwa siku mbili, kiyoyozi kikikoroma,
nikampelekea Thuweiba wa ghorofa ya pili,
penseli nimeichomeka ndani. Nikamwambia:
ukikasirika, andika.

Alikasirika ukurasa wa tatu.
"Huyu mwandishi hakutazama hata sehemu moja!
Masikio kayapaka kijani. Ni kama umwambie mtu
akuchoree mama yako, amtie ndevu."
Akaendelea hivyo hadi ukurasa wa themanini,
akihesabu makosa kama anayehesabu vyombo baada ya harusi:
kikombe hiki si chetu, sahani hii ina ufa.
Kisha kimya. Kurasa arubaini, hata nukta.
Kisha, pale chombo kinapoingia kivulini mwa sayari
na mitambo inazimwa mmoja mmoja ili hewa itoshe,
neno moja, dogo, limeinama:
"Haya."

Mpwa wake Mselem anasomea mabomba ya mafuta.
"Penye utupu sauti haisafiri," kaandika,
"mlango huu hauwezi kulia ndii."
Na chini yake Thuweiba, safari hii kwa wino mwekundu:
"Kwani wewe umeshakwenda?"

Lakini wa kumsoma ni Bi Zamzam.
Yeye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
kama alivyofunzwa utotoni Wete,
mistari yake inatoka kulia, inagongana na ya wenzake
katikati ya pambizo, kama wageni mlangoni.
Tamthilia hakuiona. Miaka yote ile ikioneshwa
alikuwa zamu ya usiku, hospitali, chumba cha kufulia.
Nahodha anamwita "huyu kijana".
"Huyu kijana mbona hali? Kurasa mia, chai hata kikombe."
"Huyu kijana ana mama?"
Na pale Thuweiba alipolalama
kuwa kitabu ni kivuli tu cha picha,
Bi Zamzam kajibu bila haraka:
"Mie picha sikuiona. Kwangu mie huu ndio mti."

Kuna mahali, ukurasa wa mia na tisini,
watoto waliozaliwa chomboni wanaitaja ile sayari
waliyoihama babu zao, wanasema "kwetu".
Mselem kapiga mstari, kaandika:
"Huwezi kupaita kwetu usipopakanyaga."
Hakuna aliyemjibu. Thuweiba, mwenye jibu la kila kitu,
kaacha pale alama ya kikombe cha kahawa.
Bi Zamzam kapiga mstari wa pili chini ya ule wa kwanza,
mzito, karatasi imekaribia kutoboka,
na sijui kama anakubali au anafuta.

Mie nimezaliwa hapahapa Maskati.
Unguja naijua kwa kusimuliwa, na waliosimulia
kila mmoja masikio kayapaka rangi yake.
Penseli nilikuwa nayo mkononi.
Nikaichonga. Nikaichonga tena.

Kitabu kimerudi kimevimba, kinanuka udi na dawa ya kufulia,
na ukurasa wa mwisho haumo.
Nikampigia Thuweiba, akaapa si yeye.
Nikampigia Bi Zamzam.
"Mwisho haukunipendeza," akasema, "nimeutoa."
Ameutia wapi? Kucheka tu, kisha akaniuliza bei ya vitunguu.

Sasa Kulthumu wa duka la cherehani anakingoja,
kesha niuliza mara tatu kama kinafaa.
Nimemwambia asome, na penseli imo ndani.
Ule mwisho naukumbuka, neno kwa neno takriban.
Sijauandika.