Pete ya Mpira

Injini ilikohoa mara tatu katikati ya mlango wa Dalcahue,
ikanyamaza.
Magunia sitini ya kome juu ya sitaha,
mvua ya Julai ikija ubavuni,
na kaka yangu Rosamel akitamka lile neno
ambalo mama hakuruhusu lisemwe mezani.

Boti ya kina Bahamonde ilitukokota kama ng'ombe aliyegoma.
Aibu ya bandarini haiuzwi rejareja.

Ndani ya bakuli la kioo, chini ya chujio,
mlikuwa na maji. Si tone: vidole viwili,
maangavu, yametulia,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

"Ni dizeli yako ya bei poa," nilimwambia,
"ya yule Nahuelquín anayepimia kwa madumu ya siki."
Hakujibu. Alinipa mgongo, akaenda kutafuta pampu.

Kazi yenyewe haina utukufu.
Unaiacha boti itulie usiku kucha, imefungwa kamba fupi,
kwa sababu maji ni mazito, hupenda chini,
na ukiyatikisa yatajificha ndani ya mafuta
kama uongo ndani ya hadithi ndefu.
Asubuhi unatumbukiza mpira mpaka uguse chuma,
pembe ya nyuma, palipo chini kuliko pote
(baba alipapiga alama ya rangi nyekundu,
hatukuwahi kuuliza ya nini),
unavuta kwa mkono, unajaza chupa ya jamu,
unaisimamisha juu ya ubao, unangoja.

Ya kwanza: maji matupu.
Ya pili: maji, mafuta, na katikati utando mweusi,
ute unaoishi pale mpakani,
hautoshwi na maji, hautoshwi na mafuta,
unataka vyote viwili vigusane ndipo unenepe.
Rosamel aliuinua kwenye mwanga.
"Umefanana nasi," akasema.
Nikacheka bila kutaka.

Ya tisa. Ya kumi na moja.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yalizoleka, kikombe kwa kikombe,
kiuno kikiuma, vidole vikinuka hadi mkate nao ukanuka.
Ya kumi na nne ilitoka na rangi ya chai
toka shingoni hadi kitakoni,
haina mstari.

Ndipo nikapanda kufunga kifuniko cha tangi.
Kilizunguka kilaini mno, kama jino linalotaka kung'oka.
Nikakigeuza. Pete yake ya mpira ilipasuka mahali patatu,
imekauka kama ganda la chungwa.
Mvua yote ya sitaha ilikuwa na mlango.

Mwezi wa Aprili nilisema: niachie mimi, nitanunua.
Nikanunua.
Koti langu la mvua lina mfuko wa ndani, wenye zipu.
Nilitia mkono: risiti iliyolowa, njiti za kiberiti,
na pete, mpya, ndani ya karatasi yake,
imesafiri nami miezi mitatu
hatua nne kutoka mahali pake.

Ningeweza kuivalisha kimya. Rosamel alikuwa chini,
anabadilisha chujio, anatoa hewa kwenye bomba,
anahesabu kwa sauti kama baba alivyohesabu.
"Melo," nikamwita.
Nikafungua kiganja.

Aliitazama pete, akakitazama kifuniko, akanitazama.
Kisha akafuta mikono kwenye suruali,
akaichukua, akaipaka grisi kwa kidole kimoja,
taratibu, pande zote, kama anayemnawisha mtoto.
"Dizeli ya Nahuelquín," akasema, "ilikuwa safi."
"Ilikuwa safi."
Akawasha. Ikakohoa mara moja, ikashika.

Zile chupa kumi na nne bado zimepangwa bandani.
Hatujui pa kuzimwaga.
Baharini haiwezekani: kome hunywa kila kitu,
nasi ndio tunaowala.